Kikombe cha Bibi Kina Gramu Ngapi? Kufumbua Mapishi ya Kurithi ya Mkate wa Nyama

Karatasi ya mapishi ya kurithi ya mkate wa nyama, yaani nyama ya kusaga iliyofinyangwa kama mkate na kuokwa, kwa kawaida haizidi mistari mitano. Nyama ya kusaga ratili mbili, mayai mawili, chenga za mkate kikombe kimoja, maziwa kiasi, kitunguu, chumvi, pilipili manga. Changanya, oka kwa moto wa wastani mpaka iive. Basi. Aliyeiandika hakuwa anamfundisha mtu, alikuwa anajikumbusha mwenyewe. Aliandika yale aliyohofia kuyasahau, akaacha yale ambayo mkono wake uliyajua bila kufikiri. Mjukuu akiifuata neno kwa neno anatoa kwenye oveni tofali, au anatoa kitu kinacholegea na kuelea kwenye mafuta, kisha anaapa kwamba kuna kitu bibi alikificha.

Mara nyingi hakuna kilichofichwa. Kilichopotea ni vipimo. Mkate wa nyama unasimama juu ya uwiano wa vitu vitano: nyama, mafuta, wanga uliolowa, yai na chumvi. Hayo mengine, yaani vitunguu, majani ya kunukia, haradali, sosi ya nyanya, ni ladha, na kila nyumba ina haki ya kuwa na yake. Ladha unaweza kuibadilisha upendavyo na mkate ukatoka salama. Uwiano ukiuvunja, hata ukimwaga kabati zima la viungo haitasaidia.

Mkate unafanya nini ndani ya nyama

Watu wengi hudhani chenga za mkate ziliwekwa ili nyama kidogo ishibishe watu wengi. Ni kweli kwa sehemu. Nchini Marekani chakula hiki kilipata umaarufu mkubwa wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, kwa sababu kiliwezesha nyama kidogo kulisha familia nzima. Lakini hata pale ambapo nyama si tatizo, mkate haupaswi kuondolewa.

Protini za nyama zikipata joto hujikunja na kukaza, na zikikaza hukamua maji yaliyokuwa ndani yake. Nyama ikishasagwa, nyuzi zake zimekatwakatwa, na vipande hivyo hushikana upya popote vinapogusana. Oka kilo moja ya nyama tupu iliyosagwa na kufinyangwa, utapata bonge lililosinyaa, gumu, lililozungukwa na maji yake lenyewe. Wanga uliolowa hukaa katikati ya vipande hivyo na kuvizuia visishikane vyote kwa pamoja, kisha hunyonya sehemu ya maji na mafuta yanayokamuliwa. Ndiyo maana Hackbraten ya Wajerumani, polpettone ya Waitalia na bobotie ya Afrika Kusini, vyakula vya nyama ya kusaga vilivyotofautiana kabisa kwa ladha, vyote huanza kwa mkate uliolowekwa.

Neno la kuzingatia ni *uliolowekwa*. Chenga kavu zikitupwa moja kwa moja kwenye nyama zitatafuta maji mahali pa karibu, na mahali pa karibu ni nyama yenyewe. Zikiloweshwa kwanza kwa maziwa au supu, zinaingia zikiwa zimeshiba. Wapishi wa Kifaransa huuita mchanganyiko huo panade. Hapa tuuite uji wa mkate, maana ndivyo unavyotakiwa kuonekana: uji mzito usio na mabonge makavu. Chota kidogo, ukamue ndani ya ngumi. Yakitoka matone mawili matatu uko sawa. Yakitiririka maji, ongeza chenga kidogo. Isipotoka hata tone na vidole vikabaki na unga, ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja.

Kikombe kile kile, chenga mbili tofauti

Hapa ndipo mapishi mengi ya kurithi hufia. "Chenga za mkate kikombe kimoja" inaweza kumaanisha vitu viwili vilivyo mbali sana. Chenga za mkate laini, uliochambuliwa kwa vidole, hujaza kikombe cha mililita 240 kwa takriban gramu 50. Chenga kavu za pakiti hujaza kikombe hicho hicho kwa takriban gramu 115.

Sasa piga hesabu. Ratili mbili za nyama ni gramu 907. Ukitumia mkate laini, umeweka takriban gramu 55 kwa kila kilo ya nyama, na hiyo ni kidogo: mkate wa nyama utakaza. Ukitumia chenga kavu, umeweka takriban gramu 127 kwa kilo, karibu mara mbili ya zinazohitajika: mkate utakuwa mzito, wenye unga mdomoni, na utalifyonza lile "kiasi" la maziwa mpaka lisionekane. Karatasi ni moja, maneno ni yale yale, vyakula viwili. Ikiwa mapishi ya nyumbani kwenu "yalikuwa mazuri zamani", jambo la kwanza la kuchunguza ni chenga zilitoka wapi: mkate wa jana uliobaki mezani, au pakiti ya dukani.

Vipimo vinavyofanya kazi kwa kilo moja ya nyama ni hivi:

- Mkate laini usio na ganda: gramu 100 hadi 120, na maziwa mililita 120.
- Chenga kavu: gramu 60 hadi 70, na maziwa mililita 150 hadi 160.
- Oti: gramu 80 hadi 90, na maziwa mililita 180, ziachwe dakika 15 kabla ya kuchanganywa.
- Biskuti za chumvi zilizopondwa: gramu 70, na maziwa mililita 150, punguza chumvi ya mapishi kidogo, maana biskuti zimekuja na yake.

Mkate laini unahitaji maziwa machache kwa sababu tayari una maji ndani yake. Oti hutoa mkate wa nyama wenye kutafunika kidogo, unaokatika vizuri ukipoa. Biskuti hutoa ulaini ambao wengine huupenda na wengine huuona wa kitoto. Wali uliopikwa nao hutumika, lakini hauloweki upya: unaziba nafasi tu, hivyo mkate hutoka mkavu zaidi kuliko ule wa mkate uliolowekwa.

Badala ya maziwa unaweza kutumia supu, maji ya nyanya au hata maji matupu. Tofauti ni ladha na rangi, si umbo. Mtindi unafaa pia, ila ni mzito, kwa hiyo uongezee maji kidogo.

Nyama na mafuta yake

Mapishi mengi ya zamani hayataji mafuta kabisa. Kiwango kinachofaa ni asilimia 15 hadi 20. Chini ya 10, mkate utakuwa mkavu hata ukiokwa kwa uangalifu. Juu ya 25, utasinyaa, utaacha dimbwi la mafuta kwenye trei, na sosi ya juu itateleza.

Ukiwa na nyama ya asilimia 10 na huna nyingine, ongeza gramu 70 hivi za mafuta magumu ya nyama, yaliyosagwa yakiwa baridi, kwa kila kilo. Hapo unafika karibu asilimia 16. Usijaribu kuokoa nyama kavu kwa kuongeza mayai. Yai hushikilia, halilainishi. Mayai mawili kwa kilo yanatosha. Manne yatakupa mkate unaodunda kama mpira.

Kuchanganya aina mbili za nyama ni desturi ya zamani na ina sababu zake. Nyama ya ng'ombe inaleta ladha nzito. Ya nguruwe au ya kondoo inaleta mafuta. Ya ndama ina protini nyingi ya ngozi na mishipa inayogeuka jelatini, ndiyo inayofanya kipande kionekane kinang'aa na kuteleza. Anayetaka hali hiyo bila ndama aloweke nusu kijiko cha chai cha jelatini ya unga ndani ya supu baridi atakayoitumia kwenye uji wa mkate. Kuku na bata mzinga ni habari nyingine: nyama yao ina mafuta kidogo, kwa hiyo ongeza uji wa mkate kwa robo, na uyoga uliosagwa na kukaangwa hadi ukauke utaongeza unyevu pasipo kulegeza mkate.

Usagaji nao una mchango wake. Matundu ya milimita 4 hadi 5 ndiyo yanayofaa. Nyama iliyosagwa laini kama tope inashikana haraka mno. Ukisaga mwenyewe, weka vipande vya nyama kwenye friza dakika 20 hadi 30 kwanza, viwe vigumu pembeni bila kuganda. Mafuta yenye joto hayakatiki, yanapakaa tu kwenye kisu na kuziba mashine. Na kama karatasi ya zamani inataja mkate mwishoni kabisa, baada ya nyama, huenda aliyeiandika alikuwa na mashine ya mkono: kipande cha mkate hupitishwa mwisho ili kiisukume nyama iliyobaki ndani. Mkate huo ulitoka umeshapakwa mafuta na majimaji ya nyama, na uliingia kwenye bakuli pamoja na vingine.

Chumvi inayoingia kwa milango mingi

Kilo moja ya nyama inahitaji takriban gramu 12 za chumvi kwa jumla. Hiyo ni vijiko viwili vya chai vya chumvi laini, gramu 6 kila kimoja. Chumvi ya mawe makubwa au ya vipande vyepesi inaweza kuwa nusu ya uzito huo katika kijiko kile kile, kwa hiyo anayeandika "vijiko viwili" bila kusema chumvi gani anamwachia mwenzake bahati nasibu.

Neno *kwa jumla* lina uzito. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina zaidi ya gramu 2 za chumvi. Jibini ina yake, biskuti zina yake, haradali ina yake. Mapishi yanayotumia pakiti ya supu ya kitunguu ya unga ndiyo ya kuogopa zaidi, maana pakiti moja inaweza kuleta karibu chumvi yote inayotakiwa. Ukiitumia, usiweke chumvi nyingine mpaka uonje.

Kuonja nyama mbichi hakufai, na si lazima. Chukua kijiko kimoja cha chakula cha mchanganyiko, ukibane kiwe kidonge bapa, ukaange dakika mbili kila upande mpaka kiive kabisa, uache kipoe kidogo, kisha uonje. Hapo utajua chumvi, pilipili, na hata kama mkate utashikana. Ni dakika tano zinazookoa kilo nzima, na bado watu huziruka.

Vitunguu na mboga

Vitunguu maji gramu 150 hadi 200 kwa kilo, vikatwe vidogo sana na kukaangwa kwa mafuta kidogo dakika 8 hadi 10 hadi vilegee bila kugeuka kahawia. Vikiingia vibichi vitatoa maji katikati ya kuokwa, kila kipande kitaacha kijishimo, na mkate utakatika pale pale. Karoti, pilipili hoho na figili majani hufuata sheria hiyo hiyo. Jumla ya mboga isizidi gramu 250 kwa kilo. Viache vipoe kabla ya kuvichanganya: mboga za moto huyeyusha mafuta ya nyama na kuanza kuliivisha yai. Kitunguu saumu kiongezwe dakika ya mwisho kwenye kikaango, kisije kikaungua.

Mkono unaojua kuacha

Chumvi ikikutana na nyama ya kusaga na mkono ukaanza kukanda, protini iitwayo mayosini huyeyuka na kugeuka gundi. Mtengeneza soseji anaitafuta gundi hiyo, ndiyo inayofanya soseji ikatike kwa mkato laini na kudunda chini ya jino. Anayepika mkate wa nyama anaihitaji kidogo tu, ya kutosha kushika kipande kisisambaratike.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Tengeneza uji wa mkate kwenye bakuli kubwa. Uchanganye na mayai, chumvi, pilipili manga, vitunguu vilivyopoa na sosi zozote, mpaka viwe kitu kimoja. Hapo ndipo nyama iingie, ikiwa imetoka kwenye friji muda huo huo, iliyochambuliwa vipande vipande na kutawanywa juu. Fanya vidole kama makucha, upitishe chini na kupandisha juu, usibane ngumi. Dakika moja, pengine na nusu.

Tazama bakuli. Mwanzoni unaona mistari myeupe ya uji kati ya nyekundu ya nyama. Kisha mistari inakonda, rangi inakaribia kuwa moja lakini bado punje za nyama zinaonekana, na mchanganyiko unaachia bakuli bila kuvutika. Simama hapo. Ukiendelea, punje zinapotea, rangi inafifia kuwa ya waridi iliyopauka, na mchanganyiko unaanza kung'ang'ania vidole na kuacha utando mweupe pembeni mwa bakuli. Ukifika huko umeshatengeneza soseji. Hakuna njia ya kurudi, ila unaweza kuufanya vidonge vidogo vya kukaanga.

Usiuache mchanganyiko wenye chumvi kwenye friji usiku kucha ukidhani unakolea. Gundi inaendelea kujitengeneza hata mkono ukiwa umelala. Nusu saa si tatizo, na huurahisishia ufinyanzi.

Umbo, chombo na "moto wa wastani"

Chombo cha kuokea mkate kinatoa umbo zuri lakini kinafungia maji na mafuta ndani, kwa hiyo nyama inachemka kuliko kuokwa, na ni sehemu ya juu peke yake inayopata ganda. Njia bora, kwa maoni yetu, ni kukitumia kama kalibu tu: jaza, gonga mara mbili mezani ili mifuko ya hewa itoke, kisha pindua juu ya trei yenye karatasi ya kuokea. Sasa juu na pembeni kote kunapata joto kavu na mafuta yanakimbia. Lainisha uso kwa mkono uliolowa maji. Nyufa ndogo unazoziacha sasa zitakuwa mabonde ndani ya oveni.

Kwa kilo moja, lenga urefu wa sentimita 23 hadi 25, upana wa 12, na kimo cha 7. Unene ndio unaoamua muda, si uzito. Ukizidisha mapishi mara mbili usijenge mlima mmoja. Tengeneza mikate miwili.

Mapishi ya zamani yaliandikwa wakati oveni nyingi hazikuwa na kipimo cha kuaminika, kwa hiyo husema moto mdogo, wa wastani au mkali. Katika vitabu vya Marekani moto mdogo ni takriban nyuzi 150 hadi 165 za Selsiasi, wa wastani ni 175 hadi 190 (yaani 350 hadi 375 za Fahrenheit), na mkali ni kuanzia 205. Oveni za gesi za Uingereza husema namba 4, ambayo ni nyuzi 180. Mkate wa nyama unapenda 175. Oveni yenye feni ipunguzwe hadi 160 hivi. Ukizidi 200, nje hukaza na kupasuka kabla katikati hakujaiva.

Kwa vipimo hivyo tarajia dakika 60 hadi 75, na anza kupima kuanzia dakika ya 50. Choma kipimajoto kutokea ncha moja ya mkate, kilale hadi katikati. Ukikichoma kutoka juu unatoboa ganda na kulifungulia njia maji. Ng'ombe, kondoo na nguruwe ni nyuzi 71. Kuku na bata mzinga ni 74. Nyama ya kusaga haipewi uhuru wa kipande kizima kinacholiwa kikiwa chekundu ndani, kwa sababu bakteria waliokuwa juu ya nyama wamesambazwa kote na mashine.

Rangi si shahidi wa kutegemea. Nyama inaweza kugeuka kahawia kabla haijafika joto salama, na inaweza kubaki ya waridi ingawa imeiva kabisa, hasa ikiwa na vitunguu au mboga zenye naitreti kwa wingi. Waliosema "oka mpaka maji yawe meupe" walikuwa wanakisia vizuri, lakini walikuwa wanakisia.

Ukiutoa, uache dakika 15. Ukikatwa papo hapo, maji yanamwagika ubaoni na kipande kinavunjika. Tumia kisu chenye meno, vipande vya sentimita 2.

Sosi ya juu

Sosi ya kawaida kwa mkate wa kilo moja: kechapu mililita 120, sukari ya kahawia vijiko viwili vya chakula, siki kijiko kimoja. Ichemshe dakika tatu iwe nzito kidogo. Kosa kubwa ni kuipaka mwanzoni, maana sukari itaungua kabla ya saa moja kwisha. Ipake mara mbili: nusu zikiwa zimebaki dakika 25, na nusu zikiwa zimebaki dakika 10. Kabla ya kupaka mara ya kwanza, futa uso kwa karatasi ya jikoni. Utakuta matone ya mafuta na utando wa rangi ya kijivu, ambao ni protini iliyoganda tu, si uchafu. Lakini sosi haishiki juu yake.

Mayai ya kuchemsha yanayofichwa katikati, kama Wajerumani wanavyofanya katika falscher Hase, yanahitaji hila moja. Yachemshe dakika 8, yamenye, yakaushe, kisha yaviringishe kwenye unga wa ngano. Yai lililolowa halishikani na nyama, na ukikata litadondoka na kuacha shimo.

Ukikata ukakuta kasoro

Mkavu na unaosagika: nyama haikuwa na mafuta, au uji wa mkate ulikuwa kidogo, au ulipita nyuzi 75. Ukiwa na kipimajoto, sababu ya tatu unaiondoa mara moja na kubaki na mbili.

Unaodunda na kukatika kama soseji: ulikandwa sana au mayai yalizidi. Mara chache nyama ilisagwa mara mbili.

Unaosambaratika: ama ulikatwa ukiwa moto, ama mboga zilikuwa kubwa au mbichi, ama yai lilisahaulika. Jaribu kwanza kukata kipande kingine baada ya robo saa. Mara nyingi tatizo lilikuwa ni haraka.

Wenye unga mdomoni: chenga kavu nyingi mno. Rudi kwenye hesabu ya kikombe.

Uliopasuka katikati: moto mkali, hewa ndani, au uso haukulainishwa. Ladha haijaharibika, ifunike kwa sosi.

Unaoelea kwenye mafuta: nyama ilikuwa na mafuta mengi, au chombo kiliyafungia. Yamimine kabla ya kuuacha upoe, maana ukipoa ndani yake utayafyonza tena.

Uliobaki usikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye friji yenye nyuzi 4 unadumu siku tatu hadi nne. Kwenye friza, vipande vilivyofungwa kimoja kimoja hukaa miezi mitatu bila kupoteza ladha. Pasha kwenye kikaango kilichofunikwa, na supu vijiko viwili, hadi nyuzi 74. Au kaanga vipande baridi bila maji mpaka pande zote mbili ziwe na ganda. Wapo wanaopika mkate mzima kwa ajili ya kipande hicho cha kesho yake.

Kuiandika upya karatasi

Ikiwa mwenye mapishi bado anapika, usimuulize anaweka kiasi gani. Atakwambia "unaangalia tu", na anasema kweli. Weka mizani mezani. Pima chombo cha chumvi kabla hajaanza na baada ya kumaliza, tofauti ndiyo kiasi alichotumia. Fanya hivyo hivyo kwa chupa ya maziwa, mfuko wa chenga na bakuli la vitunguu. Pima chombo anachookea urefu, upana na kimo. Angalia pia ni dakika ngapi anachanganya, na anasimama mchanganyiko ukiwa unaonekanaje. Kisha gawanya kila kitu kwa uzito wa nyama, upate kiasi cha kila kimoja kwa kilo.

Ikiwa hayupo tena, anza na uwiano uliotajwa hapa na ulete ladha za kwenye karatasi juu yake. Badili jambo moja kila mara. Huna haja ya kuoka mikate sita mizima: gawanya nusu kilo ya nyama sehemu tatu, kila moja na uji wake wa mkate, mmoja wa mkate laini, mmoja wa chenga kavu, mmoja wa oti, ujaze kwenye vikombe vya kuokea keki ndogo. Kwa nyuzi 175 vitaiva kwa dakika 20 hadi 25. Pima kila kimoja kwa kipimajoto. Waliokula mkate huo utotoni watakinyooshea kidole kile kinachofanana nao, mara nyingi kabla hawajamaliza kutafuna.

Kwenye karatasi mpya andika gramu za nyama na asilimia ya mafuta, gramu za chenga na aina yake, mililita za maziwa, gramu za chumvi na aina yake, vipimo vya mkate, nyuzi za oveni na nyuzi za katikati. Neno "kiasi" likilazimika kubaki mahali, libaki kwenye pilipili manga.